Kwelea wa Mwaka wa Tisini na Tisa

Kithimani,
Alhamisi, 3 Aprili 2025

Mpendwa Wangare,

Kuna jambo la siku aliyokufa ndugu yako Kibe ambalo nimelificha miaka ishirini na sita. Nilimficha mama yako mpaka tukamzika. Nilimficha pasta, nikamficha naibu wa chifu, na wewe nimekuficha tangu ulipokuwa na miaka kumi. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na habari za mvua nitaishia kwenye mvua. Najijua.

Usinipigie simu. Masikio yamefunga kabisa. Simu ikilia naiona tu inatetemeka mezani kama mdudu aliyelala chali. Niandikie, kwa herufi kubwa kama ulivyofanya Krismasi.

Bado natembea kila asubuhi. Masika yameanza vizuri na nyasi zimefika magotini kando ya mfereji. Zamani nilikuwa nafika bwawani na kurudi kabla ya chai. Sasa naishia kwenye daraja la mbao. Kitonga hunifuata na kiti cha plastiki. Alinichungia ng'ombe tangu ulipokuwa sekondari, na sasa ng'ombe wameisha ananichunga mimi. Leo nimeona ndege hawa: kuzumburu wanane kwenye ua, mdiria mmoja, keremkerem wawili juu ya waya wa stima, na dudumizi akikimbia chini ya kichaka. Dudumizi ndiye anayeniuma. Ni ndege wa sauti, huita mvua kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa, na mimi namwona akifungua mdomo tu.

Na kwelea wamerudi. Jioni tatu mfululizo nimewaona kutoka barazani wakipita kuelekea bwawani, kundi linalojikunja na kujikunjua kama moshi. Unajua kelele zao. Mimi niliwaona maelfu kwa maelfu bila sauti hata moja, nikashika mkono wa Kitonga kama mtoto.

Sasa sikiliza kwa nini naandika leo na si mwaka jana. Jumamosi walikuja wazee wawili wa upande wa Festus, yule fundi wa pampu wa ng'ambo ya mfereji. Festus anataka kuoa msichana kutoka Lukenya. Umekulia kwa Wakamba, unajua kwamba mbuzi wa ntheo wasipofika kwa wazazi wa msichana, hata akizaa watoto kumi haitwi mke wa mtu. Mbuzi walikuwa tayari. Kisha mtu akawaambia msichana huyo ni wa nani. Ni Kamanthe, binti ya Munyiva.

Ndiyo, Munyiva huyo huyo aliyekuwa akitupikia.

Wazee walikunywa chai, wakanitania kidogo. Mmoja alimwambia Kitonga aniulize nimeshahesabu ndege wangapi, na kama nawalipia kodi. Halafu wakamwinamia Kitonga, naye akaandika nyuma ya kalenda ya kanisa: WANAULIZA KAMA NI KWELI MAMA YA HUYU MSICHANA ALIUA MTOTO WAKO. Chini yake akaongeza: WANASEMA NENO LAKO LITATOSHA.

Neno langu. Nilitazama ile kalamu nikashindwa kuishika. Nikasema wanipe muda, nimekuwa mgonjwa. Watarudi Jumamosi ya tarehe kumi Mei. Mbuzi wamefungwa wanasubiri.

Daktari wa Machakos amesema moyo umechoka. Hakutaja miezi, nami sikumuuliza. Miguu imevimba hata viatu vya kanisani haviingii. Naogopa, Wangare. Naogopa kufa kabla ya kusema, na naogopa kusema kabla ya kufa, maana nitalazimika kuishi siku chache nikijua kwamba unajua.

Niambie kama niendelee.

Baba yako,
Kimotho


Nakuru,
Jumatano, 9 Aprili 2025

Baba,

Barua yako ilifika na kifurushi cha ndengu. Nimeisoma kwenye chumba cha kubadilishia nguo hapo wadini, nikaisoma tena nikiwa nimekaa juu ya makreti ya maji. Muuguzi mwenzangu aliniuliza nani amekufa. Nikamwambia, hakuna, bado.

Huwezi kumwandikia mtu barua kama hiyo halafu umuulize kama uendelee. Umekwisha kuendelea.

Acha mimi niseme kwanza, ili usihangaike. Siku tulipomzika Mama, mwaka wa 2011, shangazi mmoja, sitamtaja kwa sababu bado anakuja kwako kula, alinivuta kando ya hema akaniambia kwamba Munyiva hakufukuzwa kwa sababu ya Kibe peke yake. Alisema mama yangu alikuwa na sababu nyingine ya kumchukia. Mtoto aliyekuwa mgongoni, alisema, mwangalie masikio. Nikamwambia aende akaoshe vyombo.

Lakini nimekaa na hayo miaka kumi na minne. Kwa hiyo sema tu. Kamanthe ni dada yangu? Kama ndivyo, wazee wa Festus wana haki ya kujua, na mimi pia. Sitakuja kukupigia kelele. Hutasikia, hata hivyo.

Kama si hilo, basi sijui ni nini, na hiyo ndiyo inaniogopesha. Unajua wanangu hawali kwa watu? Majirani wanadhani nina maringo. Kimotho mdogo akialikwa birthday anabeba chakula chake kwenye kopo, na wenzake wanamwita askari jela. Mume wangu amechoka kueleza. Mimi huwa nawaambia watu ni tumbo lake. Ni Munyiva, Baba. Kila sufuria ninayoiona kwa mtu mwingine ni yake.

Kwa hiyo kama kuna kitu juu ya siku ile, nakitaka. Chote.

Umeze dawa za kutoa maji mwilini asubuhi, si jioni, la sivyo hutalala kwa kwenda chooni. Mwambie Kitonga miguu iinuliwe juu ya mto.

Wangare


Kithimani,
Jumanne, 15 Aprili 2025

Mpendwa Wangare,

Nilicheka mpaka Kitonga akaja mbio na tembe ya kuweka chini ya ulimi. Hapana. Kamanthe si wangu. Munyiva alikuja kwetu na mtoto wake mgongoni, na mimi sikuwahi kumgusa mwanamke yule hata mkono wa salamu, kwa sababu alikuwa daima na unga mikononi. Ningekuwa na dhambi ya namna hiyo ningeiungama zamani. Watu huisamehe kwa urahisi na wengine hukusifu.

Nilicheka, kisha nikaona haya kwamba nimecheka.

Ulikuwa mdogo, kwa hiyo nitaeleza yote tangu mwanzo. Aprili ya mwaka wa tisini na tisa kwelea walikuja kama wanavyokuja sasa, wakala mtama na mawele ya Yatta nzima. Watu wa dawa walikuja kutoka mjini kutafuta mahali wanapolala. Hawakujua hata upande wa kuangalia. Mimi nilijua. Nilikuwa mwalimu wa biolojia, nilikuwa na darubini, nilitembea katika bonde lile kila siku. Niliwaonyesha matete ya bwawa, na nilijivuna, usifikiri sikujivuna. Waliniomba jambo moja zaidi: nizunguke nyumba zote za karibu na bwawa niwaambie watu kwamba eropleni itapita Jumatano jioni kunyunyiza sumu, na kwamba asubuhi mtu yeyote asiokote ndege hata mmoja. Watu wa hapa huokota. Ndege akianguka ni kitoweo, hukaangwa na chumvi, nani aache nyama chini?

Nyumba zilikuwa kumi na mbili. Nilipita kumi na moja. Ya kumi na mbili ilikuwa ya Munyiva, juu ya mwinuko. Nilikuwa nusu ya njia nilipoona vipanga wakikusanyika juu ya matete kuwinda kwelea waliokuwa wanashuka kulala. Niliwahesabu vipanga kumi na sita. Katika maisha yangu sikuwahi kuona zaidi ya watatu pamoja. Nikaketi kwenye jiwe na darubini yangu mpaka eropleni ikaja, mpaka giza likaingia. Nikajiambia, Munyiva nitamwambia kesho jikoni kwangu.

Kesho yake niliondoka nyumbani kabla hajafika. Nilikwenda bwawani kuwazuia watu. Niliporudi saa nne mama yako alikuwa amemlaza Kibe kwenye kochi, na povu lilikuwa linamtoka mdomoni.

Aliitwa jina la baba yangu. Nilimzika baba yangu mara mbili.

Siku ya baraza naibu wa chifu aliuliza kama kila nyumba ilionywa. Nikasema kila nyumba. Akauliza, na Munyiva? Nikasema, na Munyiva. Kwa neno hilo akawa mwanamke aliyeambiwa kwamba ni sumu, akaenda akaiokota kwa tamaa ya nyama, akawalisha watoto wa mwajiri wake. Akina mama wa kanisa walimtolea vitu vyake barabarani. Nilisimama pale.

Sikumwonya. Hilo ndilo.

Juzi alikuja msichana wa kilimo, anaitwa Tracy, ana buti mpya na simu inayopiga picha za ramani. Amesikia kwamba mimi ndiye ninayejua matete. Wanataka kunyunyiza tena, mwezi ujao mwanzoni. Nilimwonyesha kwa fimbo. Kisha usiku mzima moyo ulinipiga mbavuni kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na watu.

Niambie unafikiri nini. Ukinyamaza nitaelewa, lakini usinyamaze.

Baba yako,
Kimotho


Nakuru,
Alhamisi, 24 Aprili 2025

Baba,

Nimekaa na barua yako wiki nzima. Siku ya kwanza nilikuwa na hasira hata nikamchoma mgonjwa sindano vibaya, nikamwomba msamaha, naye akaniambia mimi ndiye muuguzi wa kwanza kumwomba msamaha tangu alazwe. Ndipo nikaenda kulia.

Siku ya pili nikafikiri kama muuguzi. Munyiva alikula pia. Nakumbuka alivyoinama nyuma ya jiko akitapika, na watu wakasema anaigiza. Mtu anayejua kwamba ni sumu hali. Nimekuwa na ushahidi huo kichwani tangu nikiwa na miaka kumi, na nimesoma mambo ya sumu chuoni, na sikuwahi hata siku moja kuweka hivyo viwili pamoja. Sikutaka. Ilikuwa rahisi akiwa yeye.

Na mimi nina langu. Hujawahi kuniuliza, na Mama hakuniuliza, kwa nini Kibe alikufa na mimi nikaumwa tumbo tu. Watu walisema Mungu. Munyiva alitugawia ndege saba saba kwenye sahani za bati. Walikuwa bado na vichwa. Nilikula wawili, kisha mmoja akawa ananiangalia. Nikamsukumia Kibe watano waliobaki. Akaniambia asante, Wangare. Alikuwa na adabu, unakumbuka. Kwa hiyo alikula kumi na wawili. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi kazini, nyuma ya karatasi za chati: uzito wa mtoto wa miaka sita, saba, kumi na wawili. Kila mara najaribu kuona kama saba peke yao wangemuacha hai. Hesabu haikubali kusema. Sijamwambia mume wangu. Wewe ndiye wa kwanza.

Jumatatu ya Pasaka nilikwenda Lukenya. Sikukuambia kwa sababu ungenizuia. Yuko hapo karibu na machimbo ya mawe, ana banda la mabati, anawauzia wavunja mawe muthokoi na chai. Nywele zimekuwa nyeupe. Nilisimama mlangoni, naye akaangalia juu kutoka kwenye sufuria.

"Wewe ni wa Mwalimu," akasema. "Hilo paji ni lake."

"Ni mimi Wangare."

"Najua ni Wangare. Kwani nilikusuka nywele na miguu?" Akanivutia kigoda. "Kaa. Utakula ama unaogopa?"

Baba, nilikula. Nilikula sahani nzima mbele yake, na yeye akajifanya anachochea moto.

Alinieleza kwamba kuna dereva mmoja wa lori la kokoto, mtu wa Kithimani, alimtambua mwezi wa pili. Sasa nusu ya wateja wamehamia banda la pili. Hilo alisema anaweza kulivumilia, amevumilia makubwa. Lakini Kamanthe ameacha kula tangu mbuzi wasimamishwe. Yeye na Festus wamependana miaka minne. Nilimwona, anafundisha chekechea hapo. Masikio yake ni ya kawaida kabisa.

Nikamwambia Munyiva kwamba umekiri. Kwamba hukumwonya, na kwamba ulisema uongo barazani.

Alirudi kukoroga sufuria. Halafu akauliza, "Ni hivyo amesema?"

"Ni hivyo."

"Na amemaliza?"

Nikasema umemaliza. Akacheka, lakini si kicheko kizuri. "Baba yako amejibu swali rahisi kwanza," akasema. "Hata watoto shuleni wanafanya hivyo."

Nilimuuliza swali gumu ni lipi. Alikataa. Nilimbembeleza mpaka nikapiga magoti kwenye majivu, nikiwa na sketi ya kanisani. Akaniinua akasema, "Mimi nilisema mara moja, mtoto wangu, na uliona walinifanya nini. Nitamwandikia mwenyewe."

Nimerudi nyumbani na hofu ambayo sikuenda nayo. Nilidhani nimefika chini ya kisima. Baba, kuna nini kingine?

Nakuja tarehe tisa, nitakuwa nawe wazee wakija. Lakini nataka nijue kabla sijapanda gari.

Wangare


Lukenya,
Jumatatu, 28 Aprili 2025

Kwa Mwalimu Kimotho,

Wĩmũseo? Mimi ni Munyiva. Anayeandika ni Kamanthe, mimi naongea yeye anaandika, na nimemwambia asipunguze na asiongeze.

Binti yako alikuja hapa. Amekua mtu mzuri. Alikula chakula yangu. Nimemsamehe hata kama hakuwa na kosa, kwa sababu nilikuwa nimemkasirikia bure miaka mingi. Nilikuwa najiambia, yule msichana alikuwa mkubwa, aliona, mbona asiseme. Sasa nimeona hakuona. Alikuwa amelala wakati wewe ulirudi nyumbani ile Jumatano usiku.

Umemwambia kuwa haukunionya. Hiyo ni kweli, Mwalimu. Haukunionya. Lakini si hiyo, na wewe unajua si hiyo.

Mimi nilisema mara moja, mbele ya naibu wa chifu na mama ya Kibe na watu wote. Nilisema na mdomo wangu wakati tumbo bado linaniuma. Wewe ukasimama na suti yako ukanijibu na maneno matatu, watu wakacheka. Wakati Mwalimu anaongea, nani anasikia mpishi? Basi nikajua kusema si kazi yangu tena. Sijamwambia binti yako. Hata Kamanthe hajui, anaandika tu na ananiangalia vibaya. Usikie hapo amesimamisha kalamu.

Sitaki pesa yako. Sitaki unitumie mtu na kuku. Nataka kitu moja. Wale wazee wakirudi, uwaambie ile kitu. Na kabla ya wazee, umwambie mtoto wako, kwa sababu akiisikia kutoka kwa wazee itamuua.

Wanasema wewe ni mgonjwa. Mimi pia niko na mgongo. Usikufe kwanza.

Ni mimi Munyiva
(kidole gumba changu kiko hapa chini, ndio usiseme ni Kamanthe alitunga)


Kithimani,
Jumapili, 4 Mei 2025

Mpendwa Wangare,

Sikutembea wiki hii. Kitonga aliniweka barazani na darubini, lakini mikono haiishiki tena, kwa hiyo natazama kwa macho aliyonipa Mungu, na hayo yanaona rangi tu.

Eropleni ilikuja Ijumaa jioni. Ilipita mara nne juu ya matete, chini sana, na mimi sikusikia kitu. Niliona tu nyasi zikilala. Jana alfajiri nilimlazimisha Kitonga anipeleke na toroli la kubebea majani mpaka kwenye njia ya bwawani. Tukakaa pale katikati ya njia. Walikuja wanawake watatu na ndoo, na mzee mmoja na gunia. Nilikuwa nawapungia fimbo na Kitonga anawapigia kelele kwa niaba yangu. Mmoja wa wale wanawake alimuuliza, "Huyu mzee anataka ndege wote awe nao peke yake?" Kitonga alinieleza baadaye kwenye kalenda, akidhani nitacheka. Tracy na wenzake walikuja saa mbili wakafukia. Wote walirudi nyumbani na ndoo tupu. Nakuambia hili ili ujue nilikuwa wapi, si ili unihesabie.

Barua ya Munyiva nimeisoma kila siku tangu ifike. Kidole chake kiko pale, kimechafuka masizi.

Nimeandika barua hii mara mbili. Ya pili ni ya wazee wa Festus, Kitonga ataipeleka leo baada ya ibada. Sitasubiri tarehe kumi, siuamini moyo huu. Hii yako itatangulia na gari la asubuhi. Munyiva ana haki, uisikie kwangu.

Kwanza ondoa wale ndege watano. Hukumwua ndugu yako. Ulimpa chakula chako mtoto mwenye njaa katika nyumba ya baba yake, na hakuna mahali palipo salama zaidi ya hapo. Au palipaswa kuwa. Ungeniambia ukiwa na miaka kumi, ningelazimika kukujibu, na ningekujibu uongo. Afadhali ulinyamaza. Lakini miaka yote hiyo nilikuona unasukuma sahani kando, nikajua kuna kitu, nikaenda kutembea. Hivyo ndivyo nilivyokuwa baba. Kila kitu kilipokuwa kizito ndani ya nyumba nilichukua darubini. Mama yako alikuwa akisema, ndege wana bahati, hawajaolewa na wewe.

Sasa barazani. Munyiva alipoulizwa ndege aliwaokota wapi, alisema hakuokota popote. Alisema aliwakuta jikoni kwetu. Naibu wa chifu akanigeukia. Nikasema, "Mimi? Sumu? Nyumbani?" Watu wakacheka, kwa sababu mimi ndiye niliyezunguka bonde zima nikiwaonya wenzangu. Nani angeamini? Mama yako alimpiga Munyiva kofi kwa kunisingizia. Nami nilimshika mama yako mkono nikampeleka nyumbani, nikamfariji.

Nimejiuliza kama nilikuwa nimepanga kusema uongo. Sikuwa nimepanga. Nilifungua mdomo nikiwa na nia ya kusema kweli, na yale maneno matatu yakatoka. Baada ya hapo kila siku ilikuwa siku moja zaidi ya kuchelewa.

Kuna aina mbili za kwelea. Hawa wa hapa wana mdomo mwekundu. Kuna wengine wenye kichwa chekundu chote, na hao hakuna aliyewahi kuwaandika kutoka Yatta. Mimi niliamini nimewaona katika kundi lile. Nilikuwa nimeandika barua kwa watu wa makumbusho, wakanijibu kwa adabu kwamba bila ndege mkononi hawawezi kukubali. Jumatano ile jioni, eropleni ilipoondoka, walikuwa wameanza kuanguka kutoka kwenye matete kama matunda. Wengine walianguka karibu na jiwe nililokalia.

Vielelezo vya ndege nilizoea kuviweka maabara ya shule, unajua, havikuwahi kuingia nyumbani. Lakini shule ilikuwa imefungwa na ufunguo ulikuwa kwa mwalimu mwenzangu, huko mjini Tala. Na nyumbani kwetu hatukuwa na friji. Nilipoleta kwale au kanga, niliwaweka kwenye beseni kando ya mtungi, nikawafunika kwa kitambaa chenye maji wasiharibike, na Munyiva akija asubuhi akiona kitambaa kile alijua Mwalimu ameleta nyama ya watoto. Haikuhitaji maneno. Miaka mitatu hatukuwa tumehitaji maneno.

Naogopa sana, Wangare. Nimemkataza Kitonga asinishikie kalamu. Usipokuja tarehe tisa nitaelewa. Usipokuja kunizika nitaelewa pia. Munyiva alisema kweli tangu siku ya kwanza. Hakukanyaga bwawani. Niliwachagua ndege arobaini na wawili nikitafuta vichwa vyekundu, nikawabeba ndani ya koti langu gizani, nikawaweka kwenye beseni, nikawafunika kwa kitambaa chenye maji, nikalala. Waliomwua Kibe niliwaleta nyumbani mimi.

Kimotho wa Kibe